Euripides: Mshindani aliyeingia uwanjani na wahusika wa watu wote

Kila msimu wa tamasha za drama za shule na vyuo unapobisha hodi, walimu walezi hukuna vichwa na wanafunzi wenye vipawa hukesha na kalamu. Msimu huohuo huzuka ubishi mmoja ambao nimeusikia tangu nilipokuwa mwalimu chipukizi hadi leo mvi zinapochungulia. Je, ni halali mtunzi kuingia mashindanoni na mhusika ambaye hakumzua yeye? Wako wanaoshikilia kwamba aliyeazima mhusika ameazima pia sifa, na kwamba ubunifu wa kweli huanzia kwenye karatasi tupu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mashindano fulani ambayo sitayataja, msichana mmoja wa kidato cha tatu alileta mchezo mfupi juu ya kifo cha Fumo Liyongo. Hakumweka shujaa huyo katikati ya jukwaa. Alimchukua yule mwanawe, ambaye masimulizi ya pwani yanasema alishawishiwa amdunge babake sindano ya shaba kitovuni, akamketisha peke yake usiku wa kuamkia kitendo, sindano i mkononi. Ukumbi mzima ulitulia kama maji mtungini. Kisha mwamuzi mmoja akasimama, akasema mbele ya hadhira kwamba kazi ile haikustahili alama za ubunifu, maadamu wahusika wote walikuwa wa kuazima. Binti yule alikunja mswada wake akautia mkobani. Nami, niliyekuwa nimeketi miongoni mwa walimu, nilinyamaza. Sikuwa na jibu lililoiva.

Jibu nililipata baadaye, nilipoyasoma kwa makini maisha ya Mgiriki mmoja aliyeaga dunia zaidi ya miaka 2400 iliyopita. Mtu huyo aliingia mashindanoni karibu miaka hamsini, na karibu kila mara aliingia na wahusika waliokuwa wakijulikana na mkubwa na mdogo. Alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hata hivyo, jina lake bado liko midomoni mwa walimwengu. Mtu huyo ni Euripides.

Euripides alizaliwa yapata mwaka 480 Kabla ya Kristo (K.K.). Masimulizi ya kale hupenda kudai kwamba alizaliwa katika kisiwa cha Salamis siku ileile merikebu za Wagiriki zilipowatimua Waajemi. Yanaongeza kuwa Aeschylus, mkubwa wa watunzi wa tanzia, alipigana katika vita hivyo, na Sophocles, aliyekuwa barubaru, alicheza ngoma ya ushindi. Yamkini wasimulizi waliipamba siku hiyo ili mafahali watatu waingie zizi moja. Lililo hakika ni kwamba watatu hao walifuatana kwa umri, wakachota visa vyao katika kisima kimoja.

Watunzi wa ramsa mjini Athens walimfanyia Euripides dhihaka kwamba mamake, Cleito, alikuwa muuza mboga. Ushahidi mwingine waelekea kuonyesha kwamba alitoka katika jamaa iliyojiweza. Alielimika vyema, na alisifika kwa kumiliki vitabu katika zama ambapo vitabu vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Hakuwa mtu wa mikutano na makundi. Ilisemekana kwamba alikuwa na pango lake kule Salamis, alikojitenga na kuandika huku akiitazama bahari. Miaka ya 1990 wanaakiolojia walifukua pango kusini mwa kisiwa hicho, wakapata humo kikombe cha udongo chenye herufi za jina lake. Huenda kiliachwa na mashabiki waliokuja kuzuru baada ya kifo chake, kama watu wazurupo kaburi la mtukufu.

Yafaa sasa msomaji ayafahamu mashindano yenyewe. Kila mwaka, yapata mwezi wa Machi, mji wa Athens ulifanya sikukuu ya Dionysus, mungu wao wa mvinyo. Afisa mmoja wa serikali aliwachagua watunzi watatu wa tanzia. Kila mtunzi alileta tamthilia nne zilizoigizwa kwa siku moja: tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha wa kuwapumzisha watu. Raia tajiri alitwikwa gharama za korasi, yaani kundi la waimbaji na wachezaji, kuanzia mazoezi hadi mavazi. Waigizaji wote walikuwa wanaume waliovaa barakoa, hata pale walipoigiza wanawake. Waamuzi walikuwa kumi, mmoja kutoka kila kabila la raia wa mji huo, nao waliteuliwa kwa kura ya bahati ili rushwa isiwafikie. Hata kura zao hazikuhesabiwa zote. Baadhi zilitolewa chunguni kwa bahati, nyingine zikaachwa humo. Mshindi alivishwa taji la majani.

Wahusika wa tanzia hizo walikuwa nani? Takribani wote walikuwa walewale. Walikuwa watu wa vita vya Troy, jamaa ya Agamemnon, wafalme wa Thebes, na mabaharia waliokwenda na Jason kutafuta ngozi ya dhahabu. Visa vyao vilikwisha kuimbwa na Homer na watunzi wengine wa tenzi kabla ya jukwaa la Athens kujengwa. Mtoto wa mji huo aliwajua kama mtoto wa kwetu amjuavyo Sungura na Fisi, au kama watu wa pwani wamjuavyo Abunuwasi, yule mshairi wa Baghdad ambaye masimulizi yamemgeuza mjanja wa vitongoji vyetu. Hapakuwa na aliyemmiliki Electra wala Medea. Walikuwa mali ya umma.

Tena palikuwa na sababu ya kuwashikilia watu hao wa kale. Mtunzi mmoja aliyemtangulia Euripides, jina lake Phrynichus, aliwahi kuigiza msiba wa karibuni: kutekwa kwa mji wa Miletus, ndugu wa Athens, na Waajemi mwaka 494 K.K. Hadhira ilibubujikwa na machozi. Badala ya kumpa taji, mji ulimtoza faini ya drakma 1000 kwa kuwakumbusha watu msiba wao wenyewe, na mchezo ukapigwa marufuku. Aeschylus alithubutu kuwaigiza Waajemi mwaka 472 K.K., ila alionyesha maombolezo ya adui, si ya Athens. Kwa jumla watunzi walijifunza kwamba jambo la leo husemwa vyema kwa kinywa cha mtu wa jana. Mhusika wa kale akawa barakoa juu ya barakoa.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mashindano yale hayakuwa ya kumtafuta aliyeleta mtu mpya. Yalikuwa ya kumtafuta anayeweza kumchukua mtu ajulikanaye na wote, akamfanya aseme au atende jambo litakalowafanya watazamaji wamwone kana kwamba hawajapata kumwona. Mzigo huo ni mzito. Mtunzi wa mhusika mpya hana wa kumsuta. Mtunzi wa mhusika wa kale husutwa na kila aliyeketi ukumbini.

Euripides alipokubaliwa kushindana kwa mara ya kwanza, mwaka 455 K.K., alikuwa na umri wa miaka 25 hivi. Mojawapo ya tamthilia alizoleta ilihusu binti za mfalme Pelias, waliodanganywa na Medea, mwanamke mjuzi wa dawa na uchawi, wamkatekate baba yao wakitumaini kwamba atarudi ujanani. Euripides akawa wa tatu. Kwa kuwa washindani walikuwa watatu, msomaji hahitaji kuambiwa hiyo ilikuwa nafasi gani. Alingoja hadi mwaka 441 K.K. ndipo akavishwa taji lake la kwanza. Miaka 14 ilikuwa imepita, naye alikuwa akikaribia arubaini. Wanafunzi wangu wanaokata tamaa baada ya kushindwa katika kiwango cha wilaya ningependa waitie akilini hesabu hiyo.

Mwaka 431 K.K. alimrudia Medea. Kisa chajulikana. Medea, binti wa mfalme wa nchi ya mbali ya Colchis, alimpenda Jason, akamsaidia kuipata ngozi ya dhahabu, akawasaliti babake na nduguye kwa ajili yake, akahama naye hadi Ugiriki. Walipofika mji wa Corinth, Jason alimtupa ili amwoe binti wa mfalme wa hapo. Watoto wa Medea walikufa Corinth, hilo lilijulikana. Jinsi walivyokufa ndilo lililobishaniwa. Wengine walisimulia kwamba waliuawa na watu wa mji ule, wengine kwamba walikufa kwa bahati mbaya wakati mama yao alipojaribu kuwapa uzima usiokoma.

Euripides alikitia kisu mkononi mwa mama mwenyewe. Wataalamu wengi wanaamini kwamba yeye ndiye aliyekipa kisa sura hiyo, ambayo leo watu huidhania kuwa ndiyo ya asili. Wala hakumfanya Medea kuwa zimwi. Alimpa akili pevu, akampa lugha ya kuueleza unyonge wa mwanamke anayetolewa mahari kisha akawa mtumwa wa hirimu ya mumewe, akampa upweke wa mgeni asiye na ukoo wa kukimbilia. Kisha akamsimamisha mbele ya wanawe, moyo ukivutwa huku na huku, hadi hasira ikaushinda upendo. Watazamaji waliokuja kumchukia mchawi wa kigeni wakajikuta wakimwelewa kabla hajatenda, na hapo ndipo palipowauma.

Matokeo? Wa tatu kati ya watatu. Wa kwanza alikuwa Euphorion, mwana wa Aeschylus, na wa pili Sophocles. Hakuna awezaye kuwalaumu waamuzi kwa jambo ambalo hatukuliona kwa macho; pengine waigizaji walikuwa hafifu, pengine korasi haikufunzwa vyema, na pengine tamthilia nyingine tatu zilizoandamana nayo zilikuwa dhaifu. Lakini leo Medea huigizwa duniani kote, ilhali hakuna anayeweza kutuambia kwa yakini Euphorion alishinda kwa mchezo gani siku ile.

Euripides hakuwa mtu wa kususa. Aliwahi kuleta tamthilia juu ya Phaedra, mke wa mfalme Theseus, aliyempenda Hippolytus, mwana wa mumewe kwa mke mwingine. Katika tamthilia hiyo ya kwanza Phaedra alimtaka kijana waziwazi, na Athens ikaghadhibika. Mtunzi mwingine angelaani hadhira yake akaachia hapo. Euripides alikitwaa kisa kilekile na wahusika walewale, akaandika upya. Safari hii Phaedra alikuwa mwanamke anayepigana na ugonjwa wa moyo wake, akiona haya, akitaka kufa kuliko kusema, na siri ikatolewa na yaya wake. Mwaka 428 K.K. tamthilia hiyo ilimpa ushindi. Walimu wenzangu, mnaposahihisha insha na kumwambia mwanafunzi arudie, mwelezeni kwamba hata Euripides alirudia. Mhusika hakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika jinsi alivyotazamwa.

Kwa bahati njema tunao mfano wa kisa kimoja kilichopita katika mikono ya watunzi wote watatu, na kazi zote tatu zikasalia. Agamemnon alirudi kutoka Troy akauawa na mkewe Clytemnestra na hawara yake. Miaka ilipopita, mwana wake Orestes alirudi kwa siri, akaungana na dada yake Electra, wakalipiza kisasi kwa kumwua mama yao. Huo ndio mfupa wa kisa, wala hakuna mtunzi aliyeuvunja.

Tazama sasa nyama. Aeschylus, mwaka 458 K.K., alimfanya Electra amtambue nduguye kwa kishungi cha nywele kilichowekwa kaburini, kwa nyayo zilizolingana na zake, na kwa nguo aliyoifuma kwa mikono yake. Kwake yeye, hilo lilikuwa suala la haki ya ukoo na la sheria ya mji itakayokomesha kisasi. Sophocles alimpa Electra chombo kinachosemekana kuwa na majivu ya Orestes, akamwacha amlilie ndugu ambaye amesimama mbele yake akiwa mzima. Kwake yeye, moyo wa mja anayesubiri ndio uliokuwa uwanja wa vita.

Euripides alimwoza Electra kwa mkulima fukara, akamtwika mtungi wa maji kichwani. Mzee mmoja anapomletea habari za nywele na nyayo, Electra anamcheka: tangu lini wayo wa mwanamume ukalingana na wa mwanamke? Hadhira ilijua fika anayechekwa ni nani, maana tamthilia ya Aeschylus ilikuwa bado kumbukumbuni. Kwa Euripides, Orestes anatambulika kwa kovu la usoni, alama ya utotoni. Aidha, mtu mwungwana kuliko wote mle si mwana wa mfalme, bali yule mkulima, aliyemstahi binti aliyeozwa kwake kwa hila na asimguse. Baada ya mama kuuawa, hakuna shangwe. Ndugu wawili wanasimama juu ya maiti wakijutia mikono yao. Wahusika ni walewale, mauaji ni yaleyale, lakini nafsi tatu tofauti zimejianika mbele yetu. Nani atathubutu kusema kwamba wawili kati ya hao walikosa ubunifu?

Euripides hakumtumia mhusika wa kale kwa mapambo tu. Majira ya baridi ya mwaka 416 kuingia 415 K.K., jeshi la Athens liliuteka mji wa kisiwa cha Melos, likawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Miezi michache baadaye Euripides alileta mashindanoni Wanawake wa Troy. Humo hakuna vita, maana vita vimekwisha. Kuna malkia mkongwe Hecuba, binti zake na wakwe zake, wakingoja kugawanywa kwa washindi kama ng'ombe wa uporo. Kuna mtoto mdogo, Astyanax, anayetupwa kutoka juu ya ukuta ili asije akakua akalipiza. Jina la Melos halikutajwa hata mara moja. Hapakuwa na haja.

Watazamaji wa siku hiyo walikuwa raia waliopiga kura katika baraza la mji ule. Mtunzi hakuweza kuwashtaki kwa majina bila kukumbuka faini ya Phrynichus. Aliwaletea bibi kizee waliyemjua tangu utoto wao, akawaacha wamtazame. Waamuzi walimpa taji Xenocles, na Euripides akawa wa pili. Kiangazi kilichofuata, Athens iliondoa merikebu zake kwenda kuiteka Sicily.

Safari hiyo ilikuwa maangamizi. Mwaka 413 K.K. jeshi la Athens lilisagwasagwa karibu na mji wa Syracuse, na maelfu ya mateka wakatiwa katika machimbo ya mawe, walikokufa kwa njaa na jua. Plutarch, mwandishi wa karne za baadaye, anasimulia kwamba watu wa Sicily walizipenda mno tungo za Euripides. Baadhi ya mateka waliokumbuka vifungu vyake wakawafundisha mabwana zao, wakaachiliwa huru. Waliporudi nyumbani walikwenda kwake kumshukuru. Hebu tafakari: mtu aliyenyimwa taji na wenzake kwa jumla ya kura chache, sasa anatembelewa na waliookolewa na maneno yake.

Nisije nikadhaniwa kuwa namsifu mtu asiye na ila. Aristophanes, bingwa wa ramsa, alimkejeli kwa kuwavika wafalme matambara, na kwa kupenda hoja za vijembe. Aristotle, aliyeandika baadaye juu ya ushairi, alimwona kuwa mtunzi mwenye kugusa uchungu wa tanzia kuliko wenzake, lakini alimlaumu kwa kupanga mambo vibaya, mathalani pale Medea anapookolewa kwa gari la miujiza. Aristotle huyohuyo alionya kwamba mtunzi hana ruhusa ya kuvunja kiini cha kisa kilichopokewa: Clytemnestra hana budi kufa kwa mkono wa Orestes. Uhuru wa mtunzi umo katika namna, sababu na hisia. Kwa hakika huo ni msaada mkubwa kwa mwalimu. Mwanafunzi akimtumia Liyongo, sindano ibaki sindano. Atuonyeshe mkono ulivyotetemeka.

Karibu na mwaka 408 K.K., akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, Euripides alihama Athens akaenda katika jumba la Archelaus, mfalme wa Macedonia. Huko ndiko alikofia, mwanzoni mwa mwaka 406 K.K. Masimulizi ya baadaye yalidai aliraruliwa na mbwa, lakini watu wa kale walizoea kuwazulia watunzi vifo vya ajabu. Habari ilipofika Athens, Sophocles, mpinzani wake wa miaka mingi, mwenye umri wa karibu miaka tisini, alijitokeza mbele ya watu siku ya kutangazwa kwa michezo akiwa amevaa nguo za matanga, na akawaleta waigizaji na korasi yake bila mataji. Inasimuliwa kwamba watu walilia. Sophocles alikuwa ameshinda mara 18 katika sikukuu ile, na Euripides mara 4 tu. Mshindi alijua thamani ya aliyemshinda.

Mapema mwaka 405 K.K., Aristophanes aliigiza ramsa iitwayo Vyura. Humo mungu Dionysus anashuka kuzimu kumrudisha Euripides duniani kwa kuwa Athens imekosa watunzi. Akifika huko anakuta mzozo, na Euripides na Aeschylus wanashindanishwa mbele yake, kila mmoja akiipima mistari yake kwenye mizani. Mwishowe Dionysus anamchukua Aeschylus. Kwa hiyo hata kuzimu Euripides alishindwa! Lakini angalia kilichotokea. Mtu aliyetumia maisha yake kuazima wahusika wa umma sasa mwenyewe amekuwa mhusika wa umma, akaazimwa na mtunzi mwingine, na mchezo huo ukashinda.

Baadaye tamthilia alizoziacha zikaletwa mashindanoni na jamaa yake aliyeitwa kwa jina lilelile, Euripides mdogo. Miongoni mwazo ilikuwa ile ya Wafuasi wa Dionysus, ijulikanayo kama Bacchae, na ile ya Iphigenia, binti aliyetolewa kafara na babake Agamemnon ili merikebu zipate upepo. Waamuzi wakampa taji la tano. Aliyestahili kuvishwa alikuwa mchangani.

Kuanzia mwaka 386 K.K. Athens iliruhusu tamthilia za zamani ziigizwe tena katika sikukuu, na Euripides akawa kipenzi cha hadhira mpya. Kati ya tamthilia zipatazo 90 alizoandika, zimesalia 18, au 19 ukihesabu moja inayobishaniwa. Zinazobeba jina la Aeschylus zimesalia 7, na za Sophocles 7. Bahati ilichangia hilo, lakini mapenzi ya wasomaji yalichangia pia. Bara letu nalo lina sehemu yake. Maktaba ya Alexandria kule Misri ilizitunza na kuzihariri kazi zake, na mchanga mkavu wa Misri umehifadhi vipande vya mafunjo vyenye maandishi yake. Mwaka 2022 wachimbaji walipata humohumo Misri, mahali palipoitwa Philadelphia, kipande kilichohifadhi karibu mistari mia moja kutoka katika tamthilia zake mbili zilizopotea. Wole Soyinka wa Nigeria aliiandika upya Bacchae mwaka 1973 kwa roho ya Kiyoruba, kama Ola Rotimi alivyomhamishia Edipo wa Sophocles katika nchi ya Wayoruba mwaka 1968. Kisima hakijakauka.

Nawasihi basi walimu wenzangu na waamuzi wa mashindano tutenganishe mambo mawili. Kunakili ni kuchukua maneno na maoni ya mwingine ukayapachika jina lako. Huo ni wizi. Kuazima mhusika wa umma ni kukubali kupimwa kwa kipimo kigumu zaidi. Vilevile tuwafunze wanafunzi kwamba si kila mhusika ni wa umma. Mhusika aliyezuliwa na mwandishi aliye hai ana mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini Liyongo, Abunuwasi, Sungura na Lwanda Magere ni urithi wetu sote. Swali la kumwuliza mtunzi anayeingia nao ukumbini si kama aliwazua, bali ni nini alichokiona ndani yao ambacho sisi hatukukiona.

Kwa kipimo hicho, yule binti wa kidato cha tatu alikuwa amekiona kitu. Sote tulimjua Liyongo, na sote tulikuwa tumemlaani mwanawe. Hakuna aliyekuwa ameketi naye usiku ule. Nilipaswa kusimama niseme hivyo, sikusimama. Kama bado anao ule mswada mkobani, namwomba radhi, na namwomba autoe.